Mgeni, Muhogo na Mchikichi: Kujenga Nyumba Lweba

Lweba ni kijiji cha ziwani katika teritwari ya Fizi, mashariki mwa Kongo, jirani na Baraka, kando ya barabara inayotoka Uvira. Ukiteremka nayo kuelekea kusini, ziwa Tanganyika liko kushoto kwako na milima iko kulia. Katikati ni ukanda mwembamba wa ardhi ambamo kila kitu kimebanana: nyumba, shule, makanisa, muhogo ulioanikwa, michikichi na watu. Simama ufukweni alfajiri, mitumbwi inaporudi na akina mama wakigombania mabeseni ya ndakala. Sikiliza. Hutaweza kusema yupi ni Mbembe aliyezaliwa hapo, yupi ni Mfuliiru aliyeteremka kutoka upande wa Uvira, yupi ni Mrundi aliyekimbia mwaka 2015, na yupi alizaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, akaja kuiona nchi ya babu yake akiwa na miaka kumi. Wote wanapatana bei kwa Kiswahili kimoja, wanakopeshana, na jioni watasonga bukari.

Hapo ndipo wengi wanaozungumzia wageni wa Fizi wanapoteleza. Wakishaona mtu anasema kama sisi, anakula kama sisi na anaimba kwaya nasi, basi wanamhesabu mwenyeji. Ninavyoona mimi, Lweba ina malango mawili. Lango la kwanza ni la ziwani: Kiswahili, soko, kanisa, msikiti, mpira wa vijana. Hilo mgeni huliingia kwa msimu mmoja. Lango la pili ni la ukoo na udongo, na hilo mtu anaweza kubisha mpaka anazeeka. Familia ya mgeni hujengwa kwenye uwanja ulio kati ya malango hayo. Shida nyingi za familia hizo hutokana na kudhani kwamba aliyepita la kwanza amekwisha kupita la pili.

Lango la kwanza ni jepesi kwa sababu wenyewe walioliweka walikuwa wageni. Kiswahili kilifika pwani hii karne ya 19 kwa misafara ya Ujiji, ya pembe na ya watumwa, na wafanyabiashara na wafuasi wao wakaacha huku Uislamu, kanzu, mchele na maneno. Nyuma yao wakaja Mapadre Weupe. Mwaka 1883 walianzisha misheni ya Kibanga kwenye pwani hii hii, wakawakomboa watoto kutoka mikononi mwa wauza watumwa, wakawalea, na walipokua wakawaozesha wao kwa wao na kuwapa kila wawili nyumba na shamba. Yaani ilikuwa familia ya kupangwa: bwana harusi hana baba wa kumtolea mali, yaani mahari, bibi harusi hana mjomba wa kuipokea, na padre amesimama mahali pa koo zote mbili. Misheni yenyewe haikudumu, baada ya takriban miaka 10 iliachwa kwa sababu ya maradhi. Lakini fikra yake ilibaki, kwamba mtu aliyeng'olewa kwao anaweza kupandwa mahali pengine akiwa na dini na lugha tu. Katika misheni hizo hizo za ziwani alitokea Adrien Atiman, mtoto aliyeuzwa utumwani kutoka nchi ya mto Niger, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema upande wa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa huko, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuwa na lugha ya mama iliyofahamika na mtu yeyote hapo. Kiswahili ndicho kilichomtosha.

Hata siasa ya nchi imewahi kuonja ugeni wa Fizi. Laurent-Désiré Kabila, mtu wa Katanga, aliunda chama chake cha PRP mwaka 1967 na kujichimbia katika milima yetu kwa miaka mingi. Kwa wasifu wake rasmi, Joseph Kabila alizaliwa huko Hewa Bora mwaka 1971. 

Turudi kwenye nyumba za kawaida, maana humo ndimo lango la kwanza linapoonekana vizuri, hasa jikoni. Chukua msichana wa Kirundi aliyelelewa vilimani, kwenye maharage, ndizi na viazi vitamu, akaolewa Lweba. Muhogo anaujua, lakini si kama unavyojulikana huku. Huku kuna muhogo mchungu, na mchungu hauendi sufuriani moja kwa moja. Unalowekwa majini siku tatu hivi mpaka ulainike. Maganda yanatolewa, unavunjwavunjwa, unaanikwa juani, na ukikauka unatwangwa na kuchekechwa. Ukiuanika siku ya mawingu unaota ukungu, na unga wake unatoka wa kijivu, na mama mkwe ataujua kabla hajauweka mdomoni. Kisha sombe: majani ya muhogo yatwangwe sawasawa, yachemke muda mrefu, mawese yaingie kwa wakati wake, ndakala wakavu mwishoni. Binti aliyetoka Rumonge, ng'ambo tu ya ziwa, hana tabu na haya. Kwao mawese ni kazi ya kila siku na Kiswahili kinasemwa sokoni. Mwenzake wa vilimani anaanza chini. Ndiyo maana kusema "Warundi" kana kwamba wote wanafika na mzigo mmoja ni uvivu wa kufikiri. Mrundi wa Rumonge na Mbembe wa Lweba wana mengi ya pamoja kuliko Mrundi huyo na ndugu yake wa Muramvya.

Mama mkwe mwenyewe hatamfundisha kwa maneno. Atamwachia kinu, aende shambani, na jirani atapita kama kwa bahati kuja kuomba moto. Baada ya mwaka mmoja binti anatwanga sombe huku akiimba wimbo wa kwaya ya hapo, na hakuna anayekumbuka tena kwamba mwanzoni alitia mawese mapema.

Kanisa nalo linaharakisha mambo. Wametodisti Huru wana hospitali yao Nundu, juu kidogo kwenye barabara hiyo hiyo, na kanisa hilo hilo liko Burundi tangu miaka ya 1930. Mkimbizi anayefika na cheti chake cha ubatizo hakuti kanisa geni. Anakuta tenzi anazozijua, kwa lugha nyingine. Jumapili ya kwanza anaketi nyuma, na ya nne anaombwa asome neno. Wapentekoste vivyo hivyo, na msikitini Baraka vivyo hivyo. Ninawajua watu wanaokuambia bila kusita kwamba ndugu zao wa kwanza Kongo walikuwa waumini wenzao, ndugu wa damu wakawa hawapo.

Halafu anazaliwa mtoto. Siku ya kwanza ya mwanamume wa Kirundi kijijini jina lake ni "Mrundi". Si tusi, ni anwani tu. Anaitwa hivyo kwenye salongo, ile kazi ya pamoja, kwenye duka, kwenye kilio. Siku mkewe anapojifungua na mtoto kupewa jina la Kibembe, tuseme Asukulu, jina la mzazi linageuka pale pale: Baba Asukulu. Wanaume waliokuwa wanamwita Mrundi wanaona haya kumwita hivyo mbele ya mtoto. Kwa hiyo kuchagua jina si pambo. Majina ya Kirundi mengi ni sentensi nzima inayomtaja Mungu, na baba yeyote angependa kuacha sentensi yake kwa mtoto wake. Wengi wanapatana hivi: jina la Kibembe la kuitwa, la Kirundi la kuandikwa shuleni, na la Kikristo katikati. Nyumba zinazogoma kupatana hukaa miaka zikiitwa "kwa Mrundi", na watoto wao hurithi hilo nao.

Mpaka hapo ni lango la kwanza. Sasa tuje kwenye udongo.

Mgeni Lweba hanunui shamba kwa mtu na kuondoka na karatasi. Anaomba. Anakwenda kwa kapita, mkuu wa kijiji, au kwa mwenye ukoo, na kitu mkononi, kuku, mbuzi au pesa kidogo. Anaonyeshwa pa kulima, na kila mavuno anakumbuka aliyemwonyesha. Mpango wa namna hii ni wa zamani sana huku. Wafugaji walioshusha ng'ombe kutafuta malisho wakati wa kiangazi walitoa itulo kwa wenye nchi, na itulo halikuwa kodi tu. Lilikuwa neno la kukiri: nimekula majani ya kwenu. Likitolewa kuna amani, na likisimama kila upande una hadithi yake ya nani alianza.

Ndani ya mpango huo kuna sharti ambalo mara nyingi halisemwi kwa sababu kila mtu analijua. Panda muhogo, panda mahindi, panda maharage. Usipande mchikichi. Muhogo unakaa mwaka, mwaka na nusu, unang'olewa, na udongo unabaki kama ulivyokuwa, bila jina la mtu. Mchikichi unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na unaendelea kuzaa zaidi ya miaka 20. Aliyeupanda anasema, bila kufungua mdomo, kwamba wajukuu wake watakuwa hapa. Kwa hiyo ukitaka kujua nani ni nani Lweba, usiulize mtu kabila lake. Zunguka nyuma ya nyumba uangalie kilichopandwa.

Sharti hili si roho mbaya. Mwenye ardhi anayekuachia upande miti amekupa, hata kama hakusema. Na ukanda huu ni mwembamba. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda mara kwa mara na kumeza nyumba na viwanja vya ufukweni, Uvira, Baraka na hadi Kalemie. Milimani vita vimefanya watu waogope mashamba ya mbali. Mtu aliyekuwa na nafasi ya kumwazima mgeni nusu hekta sasa ana kaka zake wanne wanaoitaka. Ukarimu wa kijiji hupimwa kwa ukubwa wa shamba pia, na wanaoulaumu ukarimu huo kupungua wangeanza kwa kuhesabu hatua kutoka barabarani hadi majini.

Mwaka 1972 unaonyesha tofauti ya malango haya mawili vizuri kuliko mwaka mwingine wowote. Warundi walipokimbia mauaji ya mwaka huo walivuka hasa pande mbili. Waliokwenda mashariki serikali ya Tanzania iliwaweka kwenye makazi makubwa ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ikawapa mashamba ya kulima, ikawapangia vijiji. Baada ya miaka 40 hivi, mnamo 2014, zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipata uraia wa Tanzania. Waliokuja magharibi, Uvira na Fizi, wengi wao hawakupata kitu kama hicho. Walipata wakwe. Waliingia vijijini, wakalima kwa watu, wakavua kwa watu, wakaoa na kuolewa, na leo wajukuu wao wamo Lweba na kwingineko wakisema Kibembe bila lafudhi.

Ni upande upi uliofanikiwa? Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na wakimbizi hao upande wa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, Mishamo na Kigoma mjini, na kitabu alichokitoa mwaka 1995 kilionyesha tofauti ya kushangaza. Waliowekwa pamoja makazini walizidi kuwa taifa lililo uhamishoni, wakisimuliana historia yao na kungoja kurudi. Waliotawanyika Kigoma mjini walikuwa wamejichanganya, wakibeba majina na utambulisho tofauti kulingana na siku. Nikiichukua hoja hiyo nikailetea Lweba, nasema hivi: kijiji kinayeyusha ugeni haraka kuliko kambi, lakini hakitoi risiti. Mjukuu wa Katumba anaweza kuwa hajisikii Mtanzania na ana cheti. Mjukuu wa Lweba anajisikia wa Lweba mpaka kwenye mifupa, na siku wakigombana juu ya mpaka wa shamba, atakumbushwa babu yake alifika na mtumbwi.

Kambi ya Lusenda, si mbali na Lweba, ilifunguliwa mwaka 2015 kwa Warundi waliokimbia machafuko yaliyofuata uamuzi wa rais wa Burundi wakati huo, Pierre Nkurunziza, kugombea muhula wa tatu. Ilijaa, na mwaka 2018 eneo la Mulongwe likafunguliwa jirani na Baraka. Sisemi kambi ni kosa. Maelfu ya watu wanapofika kwa wiki chache hakuna kapita anayeweza kuwaonyesha wote pa kulima. Lakini mtu wa kambini ana kadi, hana kapita. Akiwa na shida anakwenda kwenye ofisi, haendi kwa mwenye ukoo na kuku. Anatoka asubuhi kwenda kibarua mashambani kwa watu, analipwa, anarudi. Malipo yakishatolewa hakuna deni, na pasipo deni hakuna undugu unaoanza. Mgeni wa 1972 alikuwa na madeni kila nyumba. Ndiyo maana vijana wa Lusenda wanaofunga ndoa vijijini mara nyingi huanza kwa kuhama kambi kimyakimya, wakaenda kuwa wadeni wa mtu. Na mambo haya hayana upande mmoja milele. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walikuwa Wakongo kwa makumi ya maelfu waliovuka mto Rusizi kuingia Burundi wakikimbia vita.

Sasa kuna tofauti ambayo naona haijazungumzwa vya kutosha, nayo ni kati ya mwanamke mgeni na mwanamume mgeni. Wabembe, kama Warundi, huhesabu ukoo kwa baba. Mwanamke wa Kirundi akiolewa na Mbembe, mali ikatoka na kupokelewa, watoto wake ni wa ukoo wa baba tangu wanapolia mara ya kwanza. Mashamba yapo, baba wakubwa wapo, mahali pa kuzikwa papo. Yeye mwenyewe anaweza kuitwa Mrundi mpaka uzeeni, lakini nyumba yake imepita malango yote mawili. Tatizo lake ni la aina nyingine: mume akifa, mali ikiwa haikutolewa yote na wajomba wa watoto wapo ng'ambo, hana wa kumsemea.

Geuza picha. Mwanamume wa Kirundi amemwoa binti wa Lweba. Kwa sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004, mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake ni Mkongo ni Mkongo. Mama anatosha. Leta, yaani serikali, imemaliza. Lakini mila inauliza swali jingine: mtoto huyu ni wa nani? Na jibu lake ni baba, na baba hana ukoo hapa. Mtoto huyo ana nchi nzima ya Kongo na hana nusu eka ya Lweba. Hapa sheria na mila hazipishani kidogo, zinapeana mgongo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 nayo haimsaidii. Ilitangaza ardhi yote ni ya taifa na kuahidi kwamba ardhi za kimila zingepangiwa utaratibu kwa amri ya rais, na amri hiyo haijawahi kutoka. Kapita ndiye anayeendelea kuonyesha mipaka, kwa kidole.

Nani basi anamwokoa mtoto huyo? Upande wa mama. Kama babu mzaa mama ana moyo na shamba, binti atapewa kipande "cha kulishia watoto", na mume atalima humo. Nimeona nyumba zikisimama vizuri kabisa kwa njia hii, lakini zote zinasimama juu ya moyo wa mtu mmoja mzee. Akifa, wanawe wanakaa kikao.

Kuna walio kinyume kabisa cha hao, wenye ukoo lakini wasio na mazoea. Wabembe wengi walikimbilia Kigoma tangu vita vya 1996, na mwaka 2005 UNHCR ikaanza kuwarudisha kwa meli mpaka Baraka. Watoto waliozaliwa kule walishuka wakisema "dagaa" badala ya ndakala, wakichekwa. Kijana wa miaka 20 anaonyeshwa mlima na kuambiwa huo ni wa babu yako, na hajawahi kupanda mchikichi kukata mkungu wake. Kwa mila yeye ni mwenyeji kamili. Kwa mikono yake ni mgeni kuliko Mrundi aliyekuwa akililima shamba hilo hilo wakati wao wako Nyarugusu. Ugomvi wa namna hiyo ndio mgumu kuliko yote kuamua, kwa sababu kila mmoja ana haki ambayo mwenzake hana.

Milimani, kati ya Wabembe na Wanyamulenge, swali hili limekwisha kupita kiwango cha kikao cha ukoo. Wameishi jirani kwa vizazi, Kiswahili wanacho wote, Biblia wanayo wote. Mwaka 2020 sherehe ya kuizindua Minembwe, kitovu cha Wanyamulenge huko milimani, kama komuni ilizua ghadhabu kubwa kiasi kwamba siku chache baadaye rais Tshisekedi aliibatilisha. Jambo hilo linataka makala yake. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha mwisho wa lango la kwanza: lugha na sala vikijaa, na udongo ukiwa haujasemwa, haviwezi kuzuia chochote.

Lweba penyewe watu hawangoji Kinshasa. Wana ujanja wao. Mume mgeni aliyeoa binti wa hapo anachimba mashimo kwenye kipande alichopewa mkewe, anatia miche ya michikichi, na mkewe ndiye anayesimama hapo siku hiyo, mbele ya kaka zake na kapita, akishika mche wa kwanza. Kuanzia hapo miti ni ya mama. Baba anapalilia, anakata mikungu, anakamua mawese, anapeleka Baraka kuuza. Miaka sita baadaye ukikutana na watoto wake njiani wamebeba chikichi kichwani na ukiwauliza wametoka wapi, hawasemi wametoka shambani kwa baba. Wanasema wametoka kwa babu.